Juma ni wengi: kutafuta jina moja katika hifadhi za nyaraka

Juma ni jina la tatu katika kitambulisho changu. Ni jina la babu yangu mzaa baba, aliyezaliwa Bagamoyo wakati wa Wajerumani, na kwa kuwa fomu za siku hizi hazimwachi mtu mpaka ataje jina la ukoo, hata kama kwao ukoo haukuwahi kuandikwa kwa namna hiyo, Juma ndilo lililogeuzwa kuwa ukoo wetu. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikilitafuta jina hilo katika hifadhi za nyaraka, za hapa Afrika Mashariki na za ng'ambo, kwanza kwa ajili ya familia yangu na baadaye kwa ajili ya watu wengine wanaoniletea majina ya wazee wao. Nimefikia rai moja ambayo nitaieleza kwa mifano: mtu mwenye jina la kawaida hatafutwi kwa jina lake, bali kwa ofisi iliyomwandika na kwa kile ambacho ofisi hiyo ilikitaka kwake, iwe ni kodi, kazi, ushahidi, mali au kifo chake.

Ukiandika "Juma" peke yake katika kisanduku cha kutafutia cha katalogi kubwa, yatakayotangulia kukufikia huenda yasiwe watu kabisa. Utaletewa picha za Msikiti wa Juma wa Khiva kule Uzbekistan, barua zinazohusu Msikiti wa Juma wa Durban, na ripoti kutoka India ambamo Jumma ni siku ya Ijumaa tu. Baada ya hapo ndipo wanapoanza kujitokeza watu, nao wamechanganyika vibaya: yuko aliyeitwa Juma mwenyewe, yuko ambaye baba yake aliitwa Juma, na yuko ambaye Juma ni babu yake au babu wa babu yake. Mifano ya watu mashuhuri inatosha kuonyesha ugumu huo. Marehemu Profesa Calestous Juma, msomi wa sayansi na maendeleo aliyefundisha Harvard, alitoka Busia, magharibi mwa Kenya, na Jaji Ibrahim Hamis Juma aliteuliwa kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania mwaka 2017. Katalogi iliyojengwa kwa mazoea ya Ulaya huwapanga wote wawili chini ya herufi J kana kwamba ni ndugu. Katika mpangilio wetu wa majina, jina la mwisho mara nyingi linakwambia tu mahali ambapo karani aliacha kuandika. Angemaliza jina moja mbele, mtu huyohuyo angehamia herufi nyingine.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa karne ya 19, kwa sababu wahusika wake wanajulikana na mtu yeyote anaweza kuwafuatilia. Mfanyabiashara wa pembe na watumwa ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip aliitwa Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el Murjebi. Kwa hiyo anayetafuta Juma katika nyaraka za njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora anaweza kumkuta Tippu Tip bila kujua, kwa kuwa Juma ni babu yake; anaweza pia kumkuta baba yake, Muhammed bin Juma, aliyekaa Unyanyembe, eneo la Tabora, na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Sasa ongeza mtu wa tatu. Mwaka 1874 msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipokewa Kilemba, katika nchi ambayo leo ni kusini mwa Kongo, na mfanyabiashara aliyemwandika kuwa Jumah Merikani. Huyo alikuwa Juma bin Salim, wa kundi lilelile la wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, na lakabu yake ilitokana na nguo za amerikani. Hapa Juma ni jina la mtu mwenyewe, wala hana uhusiano na Juma wa akina Murjebi zaidi ya kupita njia zilezile. Aliyewachapa wote katika fihirisi moja chini ya "Juma" ameunda ukoo ambao haukuwahi kuwapo, na nimeshaona miti ya nasaba mtandaoni iliyojengwa hivyohivyo, ikiwa na picha na tarehe na kila kitu.

Kabla ya kwenda kwenye aina za nyaraka, inafaa kulimaliza suala la tahajia, maana linawapotezea watu muda mwingi kuliko yote. Kiswahili sanifu chenye tahajia moja ni matunda ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kabla yake kila karani aliandika alivyosikia kwa masikio ya lugha yake. Mjerumani aliandika Dschuma au Djuma. Padri Mfaransa aliandika Djouma. Mbelgiji naye alifuata njia ya Mfaransa, na ndiyo maana mpaka leo Burundi na mashariki ya Kongo utakutana na watu wanaojiandika Djuma, na vitambulisho vyao havina kosa. Mwingereza wa karne ya 19 aliandika Jumah, au Joomah alipokuwa na haraka. Hati za Kiarabu za Unguja na Oman zina tatizo lao: anayezinukuu kwa herufi za Kilatini huweka alama ya ain katikati ya jina, na alama hiyo ndogo inatosha kuifanya mashine isione kitu. Katika katalogi ya Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew, alama ya kinyota husimama badala ya herufi zozote, hivyo "Jum*" itakuletea Juma, Jumah na Jumaa kwa pamoja. Lakini itakuletea pia Jumbe na Jumanne, na haitakuletea Dschuma hata siku moja. Kwa babu aliyezaliwa Bagamoyo chini ya Wajerumani, hilo la mwisho ndilo linalohitaji kukumbukwa kuliko yote.

Tuje kwenye nyaraka zenyewe, na nianze na zile ambazo watu wengi hawapendi kuzifungua. Juma lilikuwa miongoni mwa majina yaliyowekwa kwa wingi kwa watumwa wa pwani, pamoja na Mabruki, Baraka, Feruzi, Uledi na Farjalla. Lilikuwa pia jina la waungwana, kwa hiyo halithibitishi lolote likiwa peke yake, lakini ndilo linaloeleza kwa nini majalada ya utumwa na ukombozi yamejaa akina Juma. Amri ya Sultani wa Zanzibar ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ila haikumwacha huru mtu kwa ghafla. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, bwana wake aliyethibitishwa alilipwa fidia, na aliyeachwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angeweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Masuria hawakuhusishwa na amri hiyo mpaka sheria ya 1909. Katika bara la pwani ya Kenya hatua kama hiyo ilikuja 1907.

Masharti hayo yalikuwa magumu kwa waombaji, lakini kwa anayetafuta jina yana faida kubwa. Kwa kuwa fidia ilimhusu bwana, jina lake lilihitajika pembeni ya jina la aliyeachwa huru. Kwa kuwa makazi yalidaiwa, ilibidi pawe na habari ya mahali ambapo mtu huyo angekaa na kazi ambayo angeifanya. Hapo Juma anaacha kuwa Juma mtupu, anakuwa Juma aliyekuwa kwa fulani, wa shamba la mahali fulani, mpanda mikarafuu au mchukuzi wa mjini. Jina la baba katika maandishi ya namna hii linahitaji tahadhari, kwani mtu aliyechukuliwa mtoto kutoka bara aliweza kuandikwa "bin" fulani ambaye ni bwana wake au ni jina la kuazima tu. Tarehe nazo zina mtego: hati za kadhi zimeandikwa kwa mwaka wa Hijria, na mwaka 1314 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Juni 1896 ukaishia mwanzoni mwa Juni 1897, kwa hiyo haufai kubadilishwa kuwa mwaka mmoja wa Kizungu bila kutazama mwezi.

Uhusiano wa bwana na huru wake haukukatika kwa amri. Katika sheria ya Kiislamu mwenye kumwacha mtu huru anabaki na haki ya walaa, ambayo inaweza kumfanya arithi pale ambapo huru wake amefariki bila warithi wa nasaba. Kwa sababu hiyo majalada ya mirathi ya miongo ya kwanza ya karne ya 20, Unguja na Mombasa, yana mabishano ambayo hayapatikani kwingineko: watoto wa bwana wa zamani wanadai nyumba ya udongo ya marehemu Juma, majirani wanaletwa kusema kama marehemu alikuwa na mke au ndugu, na kila shahidi anaeleza alimjua marehemu tangu lini. Mtu ambaye maisha yake yote hakuandikwa zaidi ya mstari mmoja, anapofariki anaandikiwa kurasa. Ningeambiwa nichague aina moja tu ya nyaraka za kumtafutia mtu wa jina la kawaida, ningechagua mirathi bila kusita.

Kuna akina Juma walioandikwa mbali zaidi. Kumbukumbu za wawakilishi wa Uingereza katika Ghuba, ambazo leo zimo katika rekodi za Ofisi ya India za Maktaba ya Uingereza na ambazo sehemu yake kubwa imewekwa wazi katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, zina maelezo ya watu waliokimbilia kwa wawakilishi hao huko Bushehr, Sharjah na Bahrain kuomba hati za uhuru, hasa katika miaka ya 1920 na 1930. Maelezo hayo ni mafupi na yanafuata mtindo mmoja: jina, umri wa kukisia, mahali pa kuzaliwa, aliyemteka au kumuuza, bandari aliyopitia, ambayo mara nyingi ni Sur ya Oman, kisha majina ya mabwana mmoja baada ya mwingine na kazi aliyofanyishwa, ambayo kwa wanaume wengi ilikuwa kuzamia lulu. Wako waliotaja Zanzibar au Uswahilini kuwa ndiko walikozaliwa, na wako waliozaliwa huko Ghuba na wazazi waliotoka kwetu. Kinachonigusa katika karatasi hizo ni kwamba zinataja baba, mama, na pengine ndugu waliobaki. Hakuna daftari la kodi la Tanganyika linalofanya hivyo.

Wajerumani nao walikuwa na karatasi yao. Hawakuufuta utumwa katika koloni lao mpaka walipoondoka, na huku bara jambo hilo lilingoja sheria ya Waingereza ya 1922, lakini kwa miaka yote hiyo maofisa wa Kijerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu ya watu waliojikomboa, waliokombolewa au waliotekwa kutoka kwa wasafirishaji. Majalada ya Ofisi ya Makoloni ya Berlin yamo katika Hifadhi ya Shirikisho ya Ujerumani huko Lichterfelde chini ya alama R 1001, na yaliyobaki hapa nchini yamo Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Anayeyafungua akitegemea majina mengi atavunjika moyo, kwa kuwa Berlin ilitaka idadi, na majina yalibaki kwa ofisa wa wilaya. Nimelisema hili kwa ufupi kwa sababu wengi huanzia huko, huku karatasi zenye watu ziko kwingine: kwa wamisionari, kwa mfano. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika Bagamoyo mwaka 1868 waliweka madaftari ya watoto waliowakomboa, na kumbukumbu za shirika zimo Chevilly-Larue, karibu na Paris. Za misheni ya Kianglikana ya UMCA ziko Oxford. Katika madaftari ya ubatizo Juma anaingia kwa mlango mmoja na kutoka na jina jingine. Akishabatizwa hatafutwi tena kwa Juma, na ndiyo maana familia nyingi za Kikristo za Mbweni na Freretown, makazi ya misheni ya watu walioachwa huru, zinamkosa babu yao katika nyaraka za kabla ya hapo.

Sasa vita. Katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia jeshi la Waingereza lilitumia wapagazi wapatao milioni moja katika mapambano ya Afrika Mashariki, na kwa hesabu rasmi zaidi ya 90,000 kati yao walifariki, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao cha uchukuzi ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo. Ni kundi kubwa kuliko yote ya watu wetu waliowahi kuandikwa kwa wakati mmoja, na ndilo lililopotea kwa urahisi kuliko yote. Chanzo kimojawapo ni hili tunalolizungumza. Mpagazi aliandikwa jina moja au mawili, kabila, chifu na wilaya, na makarani walioandika walikuwa wageni wa lugha yake. Vita vilipokwisha, mishahara ya waliofariki ilibaki bila kudaiwa, na ikawa chanzo cha mvutano wa miaka mingi kati ya watawala wa Nairobi na wakubwa wao wa London, kwa kuwa fedha zilikuwapo lakini kumpata mrithi wa Juma wa kijiji ambacho jina lake limeandikwa visivyo lilikuwa jambo jingine. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukimkosa mpagazi wako katika hazina ya majina ya Tume hiyo, usiseme hakuwapo vitani.

Serikali yenyewe ilijua kwamba jina halitoshi. Sheria ya kuandikisha wenyeji ya Kenya, iliyopitishwa 1915 na kuanza kutumika vita vilipokwisha, ilimlazimu mwanamume wa Kiafrika kubeba kipande, karatasi iliyotiwa ndani ya kikasha cha chuma na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Ndani yake mlikuwa na nambari, alama za vidole, kabila, wilaya, jina la mwajiri, ujira na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Watu walikichukia, na walikuwa na haki, kwa kuwa asiyekuwa nacho alishitakiwa na aliyetoroka kazi alisakwa kwa nambari yake. Lakini tazama utaratibu wake kwa jicho la mtafutaji: wakoloni walikwisha kuamua kwamba Juma wa Hamisi hatofautishwi na Juma wa Hamisi mwingine kwa maneno, bali kwa nambari na kidole. Ukibahatika kupata nambari ya mzee wako, iwe ya kipande, ya jeshi au ya kadi ya kazi ya shamba la mkonge, ithamini kuliko jina. Familia nyingi zinayo bila kujua, nyuma ya picha ya zamani au kwenye ukingo wa medali.

Orodha za Keya ni mfano mzuri. Askari wa King's African Rifles wa vita vya 1939 hadi 1945 waliandikwa kwa nambari, cheo na jina, na baada yake herufi mbili zenye mkato katikati, s/o, ambazo makarani wa Kiingereza walizitumia kumaanisha "mwana wa". Baadaye, orodha hizo zilipoingizwa katika kompyuta, mahali pengine jina la baba lilifanywa ukoo, mahali pengine halikuandikwa, na mahali pengine herufi zile mbili zimegandamana na jina na kuwa neno lisiloeleweka. Nilipokuwa nikimtafuta askari mmoja kwa niaba ya wajukuu zake, niliacha kuuliza jina na kuanza kutafuta kikosi na tarehe. Walijua kwamba babu yao alikuwa mpigaji mizinga na kwamba meli yake ilizama. Taarifa hiyo inaelekeza moja kwa moja kwenye meli ya Khedive Ismail, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944 ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ikiwa na Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, na ambamo watu wapatao 1,300 walipoteza maisha. Majina ya wapiganaji hao yako kwenye mnara wa kumbukumbu ulio katika makaburi ya vita ya Nairobi. Katika orodha ya tarehe moja na kikosi kimoja, akina Juma wanabaki wachache wanaoweza kuchunguzwa mmoja mmoja.

Hukumu za mahakama na magazeti rasmi ya serikali nitayapitia kwa haraka, si kwa kuwa hayana maana, bali kwa kuwa sasa yanapatikana kwa urahisi. Gazeti rasmi la Zanzibar lilianza 1892 na lile la Himaya ya Afrika Mashariki, ambalo ndilo Kenya Gazette ya leo, lilianza 1899. Humo mna matangazo ya mirathi, hati za ardhi zilizopotea na watu waliobadili majina kwa hati ya kisheria, na tangazo la kubadili jina ni zawadi kwa mtafutaji, maana linataja la zamani na jipya pamoja. Hukumu za zamani za rufani zimejaa akina Juma walioshitakiwa, walioshuhudia na walioibiwa. Msomaji aziendee kwa moyo mpole: si kila familia inayofurahia kumkuta babu yake hapo, na mimi siku hizi huwauliza kwanza walioniletea jina kama wanataka kuambiwa kila nitakachokikuta.

Kwa utaratibu wa kazi, basi, siendi tena chumba cha kusomea nikiwa na jina. Nakwenda na maswali kuhusu maisha: mtu huyu alilipa kodi wapi, alimfanyia nani kazi, aliswali au kusali wapi, alimiliki nini, alizikwa na nani. Kila jibu linaelekea kwenye ofisi fulani, na kila ofisi ina namna yake ya kupanga majalada. Nyaraka za Taifa za Kenya, zilizo katika jengo la iliyokuwa Bank of India mjini Nairobi, zimepangwa kwa wilaya na idara. Anayeingia pale na kuuliza "mna nini kuhusu Juma" ataangaliwa kwa huruma, lakini anayeuliza ripoti za wilaya ya Lamu za miaka fulani atahudumiwa. Wahifadhi nyaraka wengi niliokutana nao ni watu wavumilivu na wajuzi kuliko katalogi zao. Katika ofisi moja ya serikali ambayo si hifadhi ya nyaraka, niliwahi kuambiwa kwamba madaftari niliyoyataka yaliliwa na mchwa, na karani mzee aliyesikia akanifuata nje kunieleza kwamba mchwa hao walikula rafu ya chini tu.

Nimeacha kwa makusudi jambo lililonishangaza zaidi katika kazi hii, nalo ni kwamba kumtafuta Juma kwa jina la mwisho kulinifikisha kwa wanawake. Madaftari ya kodi, jeshi na upagazi ni ya wanaume karibu yote. Lakini katika hati za ardhi na nyumba za pwani, binti Juma yuko kila mahali: ananunua, anauza, anaweka rehani, anashitaki. Sheria ya hati za ardhi ya 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ya pwani ya Kenya aje athibitishe dai lake, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Watu wengi wa Mijikenda waliumia kwa sheria hiyo, na athari zake ziko mahakamani hadi leo. Waliofika kudai, hata hivyo, walileta mashahidi, wakaeleza walivyolipata shamba, na wakataja mipaka kwa majina ya majirani. Hati za wakfu nazo zina kawaida ya kutaja wanufaika kwa majina, na haikuwa ajabu kwa bibi mwenye nyumba kuiwekea wakfu kwa ajili ya mahuru wake na vizazi vyao. Miaka 40 au 50 baadaye wajukuu hao wanakuja mbele ya Kamisheni ya Wakfu kudai fungu lao la kodi ya nyumba, na ili walipate wanalazimika kueleza nasaba yao mtu kwa mtu, wake kwa waume. Nasaba za namna hiyo, zilizotolewa na watu wa kawaida kwa vinywa vyao na kupingwa na wenzao papo hapo, sijaziona mahali pengine popote.

Kazi niliyo nayo mkononi sasa ni ya familia moja ya Malindi inayomtafuta bibi yao mkuu, ambaye hawamjui kwa jina lake bali kwa la baba yake tu. Katika dai moja la shamba la minazi, jirani wa upande wa kaskazini ametajwa kuwa "binti Juma" bila zaidi. Daftari la madai limepangwa kwa nambari za viwanja, wala si kwa majina, kwa hiyo hatua inayofuata ni kuomba ramani ya upimaji ya eneo hilo, kuipata nambari ya kiwanja cha kaskazini, na kuliagiza jalada lake.